Nyumba ya mama Nkuhungu tunataka kuiuza, hii milioni sita ya ukarabati tuiweke wapi?

BintiMwalimu
Wakuu habari za mchana. Naombeni ushauri, hasa nyie mnaoishi Dodoma au mliowahi kuuza nyumba hapa mjini. Mama yangu ana nyumba Nkuhungu, vyumba vitatu na sebule, jiko ndani, na uani kuna vyumba viwili vya wapangaji na choo chao. Ilijengwa kidogokidogo kuanzia 2003, mnazijua nyumba za walimu, mshahara ukitoka ni tofali, ukitoka tena ni mbao za kenchi, bati likaja mwaka mwingine kabisa. Mama sasa kastaafu anataka kwenda kukaa Kondoa kwa dada zake na kasema mwenyewe iuzeni, mimi na kaka zangu wawili tumekubaliana, hakuna mvutano wowote.

Shida ni hela ya kuiandaa. Tumechanga imefika milioni sita. Kaka mkubwa yuko Dar anasema tutoe silingi bodi zote tupige jipsamu, tupige na tailsi kuanzia barazani mpaka vyumbani, ndo nyumba itapanda bei. Mimi ndo nakaa hapa na mama na nikiitazama naona vitu vingine kabisa. Kuta kwa chini rangi inabanduka na inatoka unga mweupe, chumba cha karibu na bafu ndo kimezidi, tumepaka rangi mara ngapi sijui na bado. Kuna ufa unaanzia kona ya dirisha la sebule unashuka mshazari. Jikoni bati linavuja sehemu moja na silingi bodi imeweka doa. Tenki la lita elfu mbili lipo ila koki inadondosha, geti limeshika kutu. Hati tunayo, ya CDA (ile iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), jina la mama.

Halafu kuna hili, msicheke, ukuta wa nje unaotazama barabara una maandishi makubwa NYUMBA HII HAIUZWI, marehemu baba aliyaandika kwa rangi nyekundu ya mafuta kipindi matapeli walipokuwa wanapitapita mtaani kuuza nyumba za watu.

Dalali mmoja kaja, kazunguka dakika chache akasema tusihangaike, tuuze ilivyo, yeye ana mteja. Sasa nani yuko sahihi, kaka, dalali au mimi?

Mzee wa Kizota
Mbukwenyi binti. Nimecheka ingawa umekataza.

Hayo maandishi msiyapige rangi nyeupe juu yake tu, ile nyekundu ya mafuta itachungulia, na mnunuzi akisoma HAIUZWI kwa mbali chini ya rangi mpya hawezi kuwaza habari za matapeli, atawaza kuna ndugu amegoma au kuna kesi mahakamani. Bora yabaki yalivyo kuliko yafutwe nusunusu. Mengine waachie mafundi, ila hati itoe kabatini leo uisome mwenyewe mstari kwa mstari, usitegemee mama kukusimulia.

FundiMsingi_Dom
Dada hapo kwenye unga mweupe ndo penye kazi, niache nieleze kwa urefu maana hapa Dodoma ndo ugonjwa wa nyumba nyingi na watu wanamwaga hela dukani kwa rangi bure.

Ule unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi na tofali, yanabeba chumvi ya udongo na ya mchanga uliojengea, yakifika usoni mwa ukuta yanakaushwa na hili jua letu, chumvi inabaki inaganda na kuisukuma rangi pamoja na plasta. Nyumba nyingi za kujengwa kwa awamu hazina nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, au iliwekwa ikatobolewa na mafundi wenyewe. Ukipaka rangi mpya juu yake itakaa miezi michache tu, na ukipaka rangi ya mafuta kule chini kama wengi wanavyofanya eti isichafuke ndo umeharibu zaidi, unyevu unakosa pa kutokea unapanda juu, utaona mstari umehama kutoka usawa wa goti umefika kiunoni.

Kwa hiyo kabla ya rangi tafuta maji yanatoka wapi. Chumba cha karibu na bafu kikizidi vingine mimi ningeanza kushuku bomba au trapu ya bafu, ifumuliwe ionekane. Zungukia nje uangalie udongo umepanda mpaka wapi, nyumba ya miaka zaidi ya 20 mvua na ufagio vinajaza udongo ukutani taratibu bila mtu kugundua, ukikuta umefikia usawa wa jamvi (ile sakafu ya zege) uchimbwe ushuke, na pembeni mmwage zege jembamba lenye mteremko wa kutoa maji nje. Kama hakuna gata basi mvua yote ya Desemba mpaka Aprili inamwagika hapohapo kwenye msingi, wekeni gata japo upande huo. Hapo ndo unabandua plasta iliyooza, unapanda nusu mita juu ya mstari wa unyevu, unasugua tofali kwa brashi ya waya na unaacha ukuta wazi ukauke. Ukifanya kiangazi ni bahati, ukuta unakauka haraka, ila fundi anayebandua Jumatatu na kupiga plasta Jumanne mfukuze. Subiri wiki kadhaa. Plasta ya kurudishia iwe na dawa ya kuzuia maji na mchanga uwe msafi, siyo ule wa kuchota korongoni karibu na nyumbani wenye chumvi tena.

Ufa sasa. Nyufa za plasta kukauka huwa nyembamba, zinatawanyika ovyo ukutani na hazina madhara. Unaoanzia kona ya dirisha ukashuka mshazari mara nyingi ni msingi umecheza upande mmoja, kuna sehemu hapa zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kunywea kiangazi, na vitetemeko vidogo navyo tunavipata. Piga alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe, pima upana wake. Ukikaa palepale fundi anaukata, anaweka wavu wa kuku, anapiga plasta, biashara imeisha. Ukiendelea kutembea muite mhandisi maana hapo si kazi ya mwiko. Usije ukauziba kwa puti ukapaka rangi siku mbili kabla ya mteja kuja. Wanunuzi wa siku hizi wanakuja na mafundi wao, na fundi akikuta puti mbichi kwenye kona ya dirisha anamnong'oneza mtu wake, bei inashuka kuliko angeuona ufa wenyewe wazi.

Bati ni kazi ndogo. Panda darini mchana jua likiwa kali, uzime taa, utaona vitobo vyenyewe vinawaka. Mara nyingi ni mpira wa msumari umekauka kwa jua. Badilisha misumari na hiyo silingi bodi moja yenye doa usiipake rangi, ing'oe uweke nyingine.

Yale maandishi yasuguliwe kwa msasa wa maji, yapigwe andakoti ya mafuta ndo emulsheni ifuate. Nasema msasa wa maji kwa sababu rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, vumbi lake si zuri hasa kama wapangaji wana watoto wadogo hapo uani.

MtuWaTabata
Fundi umeongea vizuri ila mteja hanunui msingi bwana, ananunua macho. Mimi niko Dar na nimekuja kutafuta nyumba Dodoma, nakwambia tangu hii treni ya SGR ianze 2024 watu wanapanda asubuhi, wanazungushwa na dalali nyumba tano sita, jioni wanarudi. Katika hizo sita unakumbuka ipi? Ile yenye sebule inayong'aa. Mtu ametoka kuangalia nyumba mpya Iyumbu huko afu anaingia nyumba ina sakafu ya saruji nyekundu na silingi bodi zimepinda, hata aambiwe hakuna chumvi ukutani hataelewa. Kaka yake yuko sahihi, angalau sebule na baraza vipigwe tailsi.

FundiMsingi_Dom
@MtuWaTabata nimeona nyumba zilizopigwa tailsi harakaharaka juu ya sakafu yenye unyevu ili iuzwe, baada ya mvua moja zikaanza kulia chini ukikanyaga. Na tailsi za nyumba nzima ya vyumba vitatu, ukiweka saruji, gundi, groti na ufundi, hiyo milioni sita inaisha na bado ukuta unatoa unga. Utakuwa na sakafu inayong'aa na ukuta unaobanduka, hapo macho yako wewe mteja yataenda wapi?

Halafu ladha. Ukiweka tailsi za rangi ya maziwa mnunuzi anataka za kijivu. Ile saruji nyekundu ikisuguliwa na nta ya sakafu inapendeza sana, wazee wetu wameipiga miaka yote.

MtuWaTabata
Haya nta sawa. Ila jipsamu ya sebule tu usinikatalie.

FundiMsingi_Dom
Bati likishaacha kuvuja ndo tuongee jipsamu. Jipsamu na maji haviivi.

MamaWawili_Ilazo
Mimi nilinunua mwaka jana, sikununua Nkuhungu ila nilizitembelea huko pia kwa hiyo acha niseme upande wa anayefungua pochi. Cha kwanza kabisa nilichofanya kila nyumba ni kufungua bomba. Hapa mjini maji ya DUWASA yanakuja kwa ratiba, kila mtu anajua, kwa hiyo naangalia tenki lina ukubwa gani, limekaa kwenye mnara imara au matofali yaliyopangwa tu, maji yanashuka jikoni na bafuni kwa nguvu gani. Ile koki inayodondosha elfu chache tu ila mimi nikiiona najiuliza kama koki imewashinda kuna nini kingine kimewashinda nisichokiona. Tenki lioshwe pia, nilishafungua moja nikakuta ndani mna vitu sitaki kukumbuka.

Cha pili harufu ya choo. Nyumba nyingine nzuri kabisa, unaingia koridoni pua inakwambia ondoka. Kama shimo halijanyonywa siku nyingi muite gari la majitaka kabla hujaanza kuonyesha watu, na ujue shimo na chemba ziko wapi maana mteja atauliza na wewe usiwe unaonyeshaonyesha kidole tu "ni huko huko".

Cha tatu nilikuwa naingia na gari kwenye geti mwenyewe. Geti la kutu likikwama na mteja ndani ya gari anasubiri, ameshaanza kupunguza bei kichwani. Lisuguliwe, lipigwe redoksaidi ya kuzuia kutu na rangi nyeusi, bawaba ziwekwe grisi.

Wapangaji nao uongee nao mapema jamani. Nyumba moja niliyoipenda nilifika mama wa uani akaanza kunisimulia kila kitu kibaya cha ile nyumba, nikaja kugundua hakuwa ameambiwa kama inauzwa, alikuwa na hasira zake. Wengine wananunua kwa ajili ya wale wapangaji, kodi ya uani inawasaidia kulipa mkopo, wengine wanataka nyumba tupu. Uwe na jibu.

Tailsi mimi sikujali, nilikuwa na rangi zangu kichwani tayari.

WakiliKijana
Dada pole na majukumu. Mzee wa Kizota amegusa penyewe, acha niongezee upande wa karatasi maana hata ukipaka nyumba dhahabu, mnunuzi wa mkopo wa benki hawezi kulipa kama karatasi hazijakaa.

Hati ya CDA. Hati nyingi walizotoa zilikuwa za miaka 33. Kama yenu ni ya 2003 maana yake inaisha 2036, na benki ikimkopesha mtu kwa miaka 15 au 20 itaona ardhi inaisha muda kabla ya mkopo. CDA ilivunjwa Mei 2017, majukumu yake yakaenda kwa halmashauri ambayo 2018 ikawa Jiji, na maelekezo yalikuwa hati za 33 zibadilishwe ziwe za 99. Kama yenu haijabadilishwa anzeni sasa, hili ni la kufanya kabla ya fundi kushika brashi kwa sababu haliendi kwa kasi ya fundi. Wakati huohuo ombeni upekuzi wa hati, ili mjue nyie kwanza kama daftari la msajili linasoma jina la mama na kiwanja hakina zuio wala mkopo, na kama mipaka na namba ya kiwanja vinaendana na mlichonacho. Wanunuzi Dodoma wameshasikia habari za kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili, kwa hiyo ukiwaonyesha upekuzi wa karibuni unawapunguzia nusu ya maswali.

Madeni. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, nyumba ya kawaida 1,500 kwa mwezi tangu 2023, hiyo huwa haisumbui. Inayosahaulika ni kodi ya pango la ardhi, ombeni kontrol namba mlipe mpaka mwaka huu na mtunze risiti. Bili ya maji vilevile.

Samahani kwa swali linalofuata dada. Hati ni jina la mama lakini nyumba ilijengwa baba akiwa hai na wakiwa kwenye ndoa. Angekuwepo, kisheria ingehitajika ridhaa yake, Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia mwenza mmoja asiiuze kimyakimya. Kwa kuwa ni marehemu, wakili wa mnunuzi atataka cheti cha kifo na pengine atataka kujua kama kuna mjane mwingine au watoto wengine wa baba, na kama mirathi ilifunguliwa. Kama mko nyie watatu tu andikeni karatasi ya kukubali, msaini mbele ya wakili, iwe kwenye faili kabla haijaulizwa.

Kwenye kuhamisha zipo fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, wakili wenu atazijua, mama ndiye atasaini. Kwa hiyo mama asiende Kondoa kwanza. Najua Kondoa siku hizi ni lami tu ila saini moja ikikosekana mnaanza kumsafirisha mtu mzima kila wiki. Akilazimika kwenda, aache hati ya uwakilishi iliyosajiliwa.

Na kodi ya TRA. Muuzaji kwa kawaida analipa asilimia 10 ya faida, siyo ya bei yote. Mfano gharama zote zilikuwa milioni 40 na mmeuza 70, faida ni 30, kodi ni milioni 3. Nyumba uliyoimiliki miaka mitatu au zaidi na umeishi humo jumla ya miaka isiyopungua mitatu inasamehewa kama faida haijazidi milioni 15. Sasa mwalimu aliyejenga kwa mshahara hana risiti za tofali za 2003, hapo ndo mtihani, kusanyeni chochote kilichopo, na hizi za ukarabati wa sasa daini risiti za EFD kila duka maana gharama za kuboresha nazo zinahesabika. Bila cheti cha TRA msajili hahamishi jina. Ushuru wa stempu asilimia 1 kwa kawaida unabebwa na mnunuzi, ila uandikwe kwenye mkataba msije mkagombana mwishoni.

Mzee wa Kizota
Wakili umemaliza. Ila ile asilimia kumi ya kumpelekea mwenyekiti wa mtaa mbona hujaisema? Watu wanatozwa mpaka leo.

WakiliKijana
Mzee hiyo ni mazoea. Mwenyekiti ni shahidi mzuri, anawajua, mpeni heshima yake, lakini asilimia kumi ya bei ya nyumba iliyopimwa yenye hati mtu akikudai muombe akuonyeshe sheria inayosema hivyo.

Dalali_Majengo
Naona madalali tumeshapigwa humu kabla sijafika. Niseme ya kwangu.

Yule mwenzangu aliyekwambia uza ilivyo hajakosea moja kwa moja. Kuna wanunuzi kazi yao ni hiyo, wananunua nyumba chovu, wanaitengeneza, wanaiuza tena, hao wanataka mgogoro wote wa ukarabati ubaki wao na faida iwe yao. Kwa hiyo mteja wake anaweza kuwa wa kweli, ila ujue bei yake itakuwa ya aina gani. Muulize tu, mteja wako analipa kwa mkupuo au kwa mafungu, na atakuja na wakili wake au la. Akianza kukwepa umepata jibu.

Jambo ambalo hakuna aliyelisema ni nani hasa atanunua Nkuhungu. Watumishi wa wizarani wengi wanataka upande wa Mtumba huko, Nzuguni, Ihumwa, Iyumbu, hawataki kuvuka mji mzima kila asubuhi. Wako ni mtu wa biashara zake mjini, au familia inayotaka nyumba iliyokwisha jengwa jirani na shule na soko, au mtu anayehesabu kodi. Huyo wa kodi ndo nampenda mimi kwa nyumba yako kwa sababu ya vile vyumba vya uani. Kwa hiyo msimwage hela yote sebuleni mkasahau uani, choo cha wapangaji kipakwe chokaa, mlango wake ushike, na kama wanatumia umeme kwa mita ndogo ionekane vizuri nani analipa nini. Andika kwenye karatasi kodi zinazoingia na mikataba yao uweke pamoja na hati.

Muda. Bunge la bajeti likianza Aprili mji unafurika, watu wenye hela wanakuja wanatembea, ila ni kodi ndo zinachangamka zaidi kuliko kuuza. Kuuza mimi napenda Juni kuja juu, barabara za mitaa zinapitika na watu hawajaanza kuogopa ada za Januari. Mteja mjanja atakwambia nitakuja kuiona mvua ikinyesha. Mwache aje, si mtakuwa mmeshatengeneza bati.

Usiwape madalali wote wa mjini. Ukishakuwa na madalali saba utakuwa na bei saba, mteja mmoja anaonyeshwa nyumba ileile mara tatu kwa bei tatu tofauti anajua kuna ujanja. Chagua mmoja au wawili, andikishianeni asilimia yake na kwamba bei hapandishi ya kwake juu. Na hati halisi usimpe mtu yeyote aondoke nayo, hata mimi. Nakala inatosha.

BintiMwalimu
Jamani asanteni sana sana, sikutegemea kupata hivi. Nimetoa hati, ni ya 2004 na ni ya miaka 33 kweli, kesho naenda ofisi za ardhi za Jiji. Pango la ardhi tunadaiwa miaka mitatu, mama alidhani linakatwa kwenye LUKU kama lile la jengo. Baba hakuwa na mke mwingine wala watoto nje, tuko sisi watatu, kaka wa Dar nimemtumia huu uzi wote kasoma, kanyamaza muda mrefu afu kaandika "haya tailsi tuache, ila jipsamu ya sebule". Sijui kama ndo huyu MtuWaTabata 😂

Kuhusu bafu fundi wa mtaani kafumua leo kakuta kiungo cha bomba la maji machafu kimeachia kabisa, chini ni tope tupu. Udongo upande wa nyuma umepita jamvi kama fundi alivyosema.

Nimebaki na maswali mawili. Mama ana mzabibu wake kwenye kichanja pale mbele unafunika nusu ya baraza, hataki ukatwe na mimi naona unaficha nyumba. Na fundi MsingiDom, kwa mpangilio huu milioni sita itatosha?

MtuWaTabata
Mimi sina dada Dodoma jamani 😂 ila huyo kaka ana akili.

MamaWawili_Ilazo
Mzabibu usiguse! Mtu anayetoka Dar akikuta zabibu zinaning'inia barazani ndo kashauziwa Dodoma hapohapo. Upogoeni tu, nyanyueni kichanja kionyeshe mlango, na fagieni majani. Mwarobaini kama mnao nao uacheni, kivuli hapa ni mali. Ila kamba ya nguo ya wapangaji ikiwa mbele ihamieni nyuma siku ya picha.

FundiMsingi_Dom
Milioni sita kwa hayo yote bila tailsi mimi naona inatosha na chenji ya sebule inaweza kubaki ukisimamia mwenyewe. Anza na bafu na udongo wa nje, vibarua wawili hao siku chache tu. Gata na misumari ya bati zifuate, afu bandua plasta na uiache. Wakati inakauka ndo mnahangaika na geti, koki, choo cha uani na yale maandishi. Plasta, halafu rangi mwisho kabisa, nyumba nzima kwa ndani rangi moja nyepesi, mnanunua ndoo kubwa za lita 20 siyo kopo kopo. Ufundi lipa kwa hatua, usimpe mtu hela ya rangi wakati plasta bado mbichi, atakuharakisha. Saruji nunua mwenyewe, hesabu mifuko inayoingia na inayotumika.

Jipsamu ya sebule mwambie kaka achangie ya kwake.

Dalali_Majengo
Na wapangaji wapewe barua ya maandishi wiki hii, mama asaini na wao wasaini kupokea, muweke humo kwamba siku za kuonyesha nyumba mtawaambia kabla. Jumamosi asubuhi ndo nzuri, jua halijawa kali na watu hawajaondoka.

BintiMwalimu
Barua naandika leo jioni. Fundi nitakucheki inboksi ukishapata nafasi uje uangalie ule ufa, alama za penseli nimeshapiga.